Mswada wa Fedha Hupingwa Kuanzia Februari

Juni 26, 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kwamba hatatia saini Mswada wa Fedha wa mwaka huo, ule wa kubadilisha kodi. Ushindi huo ulilipiwa kwa damu: kufikia mwanzoni mwa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Hesabu za pesa zilizofuata hazikupata watazamaji wengi, nazo ndizo zinazostahili kuangaliwa kila mara Juni inapokaribia. Mswada ule ulinuiwa kuingiza Sh346 bilioni. Siku chache baada ya kuukataa, Rais alitia saini sheria ya matumizi, ile inayoruhusu pesa kutolewa, ilhali imepangwa kwa mapato ambayo sasa hayapo. Julai 5 akaeleza pengo litazibwaje: Sh177 bilioni kwa kupunguza matumizi, na Sh169 bilioni kwa kukopa.

Yaani karibu nusu ya kodi iliyokataliwa barabarani iligeuka deni. Na deni la serikali halina mlipaji mwingine ila yule yule aliyekataa kodi.

Sababu ni kwamba serikali hupanga matumizi kwanza, kisha ndipo hutafuta kodi ya kuyagharamia. Anayeamka Juni anabishania risiti ya bidhaa iliyokwisha kubebwa nyumbani. Matumizi yenyewe huanza kufungwa mapema mno, wakati hakuna hata mtu mmoja mwenye bango.

Kalenda iko kwenye Katiba na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kufikia Februari 15, Hazina ya Kitaifa huwasilisha bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti. Humo ndimo mnamowekwa kiwango cha juu ambacho kila sekta itaruhusiwa kutumia, na Bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Likishapitisha viwango hivyo, kupunguza pesa za ofisi fulani huwa vigumu, maana kila mbunge utakayemwendea atakuambia dari lilikwisha kuwekwa. Aprili 30 makadirio ya bajeti huwasilishwa, na Mswada wa Fedha nao huja pamoja au karibu na hapo. Mei ni mwezi wa kamati. Juni ni kura na saini, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kikundi chochote cha mtaani, cha chuo au cha kanisani kinachotaka kupinga kodi ni kuichapisha Taarifa ya Sera ya Bajeti mwezi wa Februari na kugawana kurasa. Watu sita wanaimaliza kwa wikendi moja. Tafuta jedwali la viwango vya sekta, lilinganishe na la mwaka uliotangulia, na uandike ni nani kaongezewa. Ni kazi kavu isiyo na kelele, na ndiyo maana huwa haina watu.

Makadirio yakitoka Aprili, usidanganyike na kitabu kimoja. Kuna bajeti ya kiprogramu, ambayo imejaa malengo mazuri mazuri na jumla kubwa kubwa; chai na safari huwezi kuziona humo. Kitabu unachokitaka ni kile cha vifungu vya matumizi, chenye namba. Kila ofisi ina namba yake ya kura (Vote), yaani fungu lake la bajeti: Ofisi ya Rais ni 1011, Hazina ya Kitaifa ni 1071. Ndani ya kila kura, matumizi yana misimbo isiyobadilika kutoka wizara moja hadi nyingine. 2210300 ni safari za ndani na marupurupu yake, 2210400 ni safari za nje, 2210500 ni uchapishaji na matangazo, 2210700 ni mafunzo, 2210800 ni ukarimu, yaani chai, vitafunio na mikutano ya hotelini. Fungua faili, tafuta 2210800, na kila inapojitokeza nakili namba ya kura, jina la ofisi na kiasi. Ukimaliza una orodha ambayo hakuna msemaji wa serikali atakayeibishia, kwa sababu ni maandishi yao wenyewe.

Hivyo ndivyo yanavyofichuliwa mambo kama bajeti za ofisi za mke wa Rais na mke wa Naibu wa Rais, ambazo zilizua hasira 2024. Katika tangazo lile la Julai 5 ziliondolewa, pamoja na mashirika 47 ya serikali yenye majukumu yanayogongana kuamriwa yavunjwe na idadi ya washauri kupunguzwa kwa nusu. Hayo yote yalikuwa kwenye vitabu tangu zamani.

Tahadhari moja hapa. Watu wakikokotoa marupurupu husahau kwamba fungu kubwa zaidi halimo katika kura za wizara. Malipo ya deni na pensheni hutoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali (Consolidated Fund) kabla ya wizara kupata hata senti, na wabunge hawayapigii kura kila mwaka kama wanavyopigia za wizara. Ukifuta chai yote ya serikali bado deni litakuwa pale pale. Hii si sababu ya kuiachilia chai. Ni sababu ya kutomwambia mtu kwamba kufuta safari kutatosha. Anayeahidi hivyo hunyamazishwa na swali la kwanza la kamati.

Sasa mswada wenyewe. Wengi huufungua na kuufunga dakika hiyo hiyo, kwani hausomeki. Umejaa maneno kama “futa neno hili na badala yake weka lile”. Mswada wa Fedha si sheria inayosimama peke yake. Unarekebisha sheria nyingine: ya Kodi ya Mapato, ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani (2013), ya Ushuru wa Bidhaa (2015), ya Taratibu za Kodi (2015), na ya Ada na Tozo Mbalimbali (2016). Kwa hivyo weka sheria mama upande mmoja na mswada upande wa pili, kisha uandike upya kifungu kizima jinsi kitakavyosomeka mabadiliko yakipita. Hapo ndipo mambo hujitokeza. Mwishoni mwa mswada kuna maelezo ya madhumuni. Yasome ya mwisho, si ya kwanza, maana yameandikwa na mwenye mswada.

Mtego ambao hunasa hata waandishi wa habari ni tofauti kati ya bidhaa ya VAT ya asilimia sifuri na bidhaa iliyosamehewa VAT. Kwa masikio zote mbili ni “haina VAT”. Tuchukue mkate, ambao mswada wa 2024 ulitaka kuutoza asilimia 16. Tuseme mwokaji ananunua malighafi na huduma zenye VAT kwa Sh60 kabla ya kodi, na kazi yake na faida ni Sh40. Kwenye malighafi analipa VAT ya Sh9.60. Mkate ukiwa wa asilimia sifuri, KRA, mamlaka ya ushuru, inamrudishia hizo Sh9.60 na mkate unauzwa Sh100. Ukiwa umesamehewa, harudishiwi kitu, kwa hivyo anaziingiza kwenye bei na mkate unafika Sh109.60. Ukitozwa asilimia 16, ni Sh116. Sasa ona hila: serikali ikitaka kuonekana imesikia, huhamisha bidhaa kutoka asilimia 16 iliyopendekezwa hadi “kusamehewa”, watu wanashangilia, na bei inapanda hata hivyo. Ukiona neno “samehe” kwenye VAT, uliza bidhaa hiyo ilikuwa wapi kabla.

Kuna pia kodi ambazo sura yake ni ya haki na hesabu yake si ya haki. Kodi ya magari ya 2024 ilikuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, isipungue Sh5,000 na isizidi Sh100,000, ilipwe wakati wa kukata bima. Gari la milioni moja lingelipa Sh25,000, sawa na asilimia 2.5. Gari la Sh100,000 lingelipa Sh5,000, ambayo ni asilimia 5. Gari la milioni nane lingelipa Sh100,000, ambayo ni asilimia 1.25. Hesabu ya mistari mitatu kama hiyo hupita nguvu ukurasa mzima wa ghadhabu, na inaingia kwenye bango.

Upande wetu nao hukosea, na kosa moja likinaswa hutumiwa kuyazima mengine kumi yaliyo ya kweli. Mfano ni ushuru wa kutuma pesa kwa simu, uliopendekezwa kutoka asilimia 15 hadi 20. Ilisambazwa kwamba ukituma Sh1,000 serikali itachukua Sh200. Si kweli. Ushuru ule hutozwa kwenye ada ya kutuma, si kwenye pesa zinazotumwa. Ada ikiwa Sh100 bila ushuru, ingetoka Sh115 na kuwa Sh120. Hilo lenyewe linauma, hasa kwa anayetuma mara kumi kwa siku, na halihitaji kutiwa chumvi.

Baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza, Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa hutoa tangazo magazetini na kwenye tovuti ya Bunge kuomba maoni. Muda ni mfupi, kwa hivyo rasimu iwe tayari kabla ya tangazo. Maoni huelekezwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, kwa njia zilizotajwa katika tangazo. Ujumbe wa “Kataa mswada wote” uliotumwa na watu elfu moja ni msimamo wa kisiasa na una uzito wake, ila kamati inaweza kuuhesabu kama maoni mamoja. Kinachoingia kwenye ripoti ya kamati ni jedwali la safu nne: namba ya kipengele cha mswada, kinachopendekezwa, unachotaka (kifutwe, au kisomeke hivi, na uandike maneno yenyewe), na sababu. Sababu iwe na hesabu. Na hapa ndipo kazi ya Februari na Aprili hulipa: ongeza safu ya tano, ya mahali pa kukata kiasi hicho hicho, kwa namba ya kura na msimbo. Bila safu hiyo, Hazina itaiambia kamati kwamba pengo litazibwa kwa mkopo, na mwaka 2024 karibu nusu ya pengo ilizibwa hivyo.

Nakala peleka pia kwa Kamati ya Bajeti na Matumizi, ambayo ndiyo hushughulikia makadirio na Katiba inaitaka isikilize wananchi (kifungu cha 221). Watu husahau kabisa kamati hii, wanajazana kwenye ile ya kodi.

Maandishi hufanya kazi? Mara nyingine. Mswada wa 2025 ulitaka kuondoa katika Sheria ya Taratibu za Kodi kinga inayowazuia KRA kudai siri za biashara na data binafsi za wateja kutoka kwa wafanyabiashara. Pingamizi zilimiminika zikiwa na kifungu na sababu, na kamati ikakiondoa kipengele hicho. Mnamo Juni 18, 2024, VAT ya mkate, kodi ya magari na nyongeza ya ushuru wa kutuma pesa ziliondolewa na kamati siku hiyo hiyo ambapo waandamanaji walikuwa wakifukuzwa katikati mwa Nairobi. Kuyatenganisha maandishi na barabara katika kisa hicho ni kazi bure. Barabara iliwafanya wasikilize; maandishi yaliwaonyesha pa kufuta.

Ukifika ukumbini, mswada huamuliwa kwa kura. Kura ya sauti ya “ndio” na “la” haiachi jina la mtu, kwa hivyo mwombe mbunge wako mapema aungane na wenzake kudai kura ya kuhesabu, ambayo huingia kwa majina kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mwaka 2024 hesabu ilikuwa 204 dhidi ya 115 kwenye kusomwa mara ya pili, Juni 20, na 195 dhidi ya 106 mara ya tatu, Juni 25. Zikumbuke namba hizo kwa sababu nyingine: Rais akirudisha mswada, Bunge linaweza kumpuuza tu likipata theluthi mbili ya wabunge wote 349, yaani 233. Hata upande ulioshinda haukuzifikia. Na asipotia saini wala kurudisha ndani ya siku 14, mswada huwa sheria wenyewe. Ukimya wa Ikulu si ushindi.

Maandamano mengi ya Juni 2024 yaliangukia Jumanne na Alhamisi, siku za vikao: Bunge huketi Jumanne alasiri, Jumatano, na Alhamisi alasiri. Ijumaa wabunge wako kwenye maeneo yao, na hapo mahali pa kwenda ni ofisi ya eneobunge.

Haki ya kuandamana kwa amani bila silaha iko kwenye kifungu cha 37 cha Katiba. Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act), kifungu cha 5, inataka taarifa, si ruhusa. Taarifa hupelekwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi husika, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Iwe na jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa (kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni), na njia mtakayopita. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupiga muhuri, ambalo hutokea sana, andika jina na namba ya askari aliyekataa, saa na tarehe, kisha tuma nakala nyingine kwa njia inayoacha ushahidi. OCS anaweza kukataa ikiwa kuna mkutano mwingine uliotangulia kutoa taarifa kwa mahali na wakati huo huo, na anapaswa kusema hivyo. “Hatujawapa kibali” si jibu linalotambuliwa na sheria hiyo.

Hapa vuguvugu lisilo na viongozi hukwama, kwani taarifa lazima iwe na jina la mtu. Kutokuwa na viongozi kuliwasaidia vijana wa 2024 wasinunuliwe, lakini kuliacha kila mtu bila mwandalizi wa kumwambia askari kwamba wale wenye rungu waliojitokeza kutoka kichochoroni si wenzetu. Afadhali kila mtaa uwe na watu wachache wanaojulikana wa kuelekeza msafara, wenye kitambaa cha rangi moja, na makubaliano kwamba duka likianza kuvunjwa, msafara unaketi chini papo hapo. Wahuni wa kukodi hawaketi. Kamera zinaona tofauti.

Kabla ya kutoka, zima njia ya kufungua simu kwa alama ya kidole au uso. Acha nambari ya siri tu. Namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu ya wino, kwa sababu simu itachukuliwa. Gesi ya kutoa machozi ikirushwa, geukia upande upepo unakotoka, usisugue macho, yaoshe kwa maji mengi safi. Kopo usilishike kwa mkono mtupu, linaunguza.

Ukikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa korti, unasubiri siku inayofuata ya korti. Basi aliyekamatwa Alhamisi saa kumi na moja jioni, saa zake 24 zinaisha Ijumaa jioni korti imefungwa, naye atalala ndani hadi Jumatatu. Mpangaji wa maandamano ya Alhamisi awe na mawakili na pesa za dhamana tayari Ijumaa asubuhi, si wikendi. Walioko nje waulize kwanza namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kituo kikisema hakina mtu wa jina hilo, zunguka vituo vya jirani, kwani waliokamatwa huhamishwa. Dhamana ya polisi ya maandishi ni bure, na ya pesa taslimu lazima iwe na risiti.

Aliyejeruhiwa atibiwe kwanza, atunze kila karatasi ya hospitali, kisha achukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, kituoni ijazwe na daktari. Malalamiko dhidi ya askari yapelekwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, pamoja na picha zenye saa.

Mswada ukifa au ukipita, usiondoke. Desemba 11, 2024, wakati watu wakifikiria sikukuu, Rais alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi. Miongoni mwa mengine ilipandisha tozo ya ujenzi wa reli kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Tozo ya nyumba nayo ilipobatilishwa na Mahakama Kuu Novemba 2023, ilirudi kwa sheria nyingine iliyotiwa saini Machi 19, 2024, asilimia 1.5 ile ile kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Neno “Fedha” halimo kwenye majina ya sheria hizo, kwa hivyo aliyeweka tahadhari ya neno hilo kwenye simu hakuarifiwa chochote.

Matumizi pia yana mlango wake wa nyuma, kifungu cha 223. Serikali inaweza kutumia pesa ambazo Bunge halijaidhinisha, hadi asilimia 10 ya zile zilizoidhinishwa mwaka huo, halafu iombe idhini ndani ya miezi miwili. Chai iliyokatwa Julai hurudishwa hapo kwenye bajeti ya nyongeza. Kwa hivyo ile orodha yako ya 2210800 usiitupe: kila bajeti ya nyongeza ikitoka, jaza safu mpya pembeni, na kila robo mwaka ulinganishe na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti. Ofisi iliyozidisha iandikie barua kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ukitaja kura, msimbo na kiasi, ukiomba orodha ya malipo. Wana siku 21 za kujibu. Wasipojibu, lalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, na barua yako yenye muhuri ndiyo kiambatisho cha kwanza.